Mfungulie Kabati, Mpe na Penseli

Wiki hii nimeziweka kando barua za ndoa na za mawifi. Nimeanza na moja, ya mama wa Morogoro, na kila nikiirudia naona ina mengi ya kujibiwa. Binti yake yuko kidato cha pili. Amemfuma saa sita za usiku, tochi chini ya shuka, anasoma riwaya ya upelelezi: kitabu kilichopita mikono mingi, jalada limebanduka, picha ya mwanamume kashika bastola. Mama amekichukua, amekifungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Sasa ananiuliza: Dada, nimefanya vibaya? Vitabu vya mauaji havitamtia mwanangu roho mbaya? Na kuna faida gani kusoma habari za wauaji wa kutungwa, wakati za wauaji wa kweli zimejaa magazetini kila siku?

Mdogo wangu, hujafanya vibaya kutaka kujua mwanao anasoma nini. Wazazi wengi hawajui. Lakini kabati lile nataka ulifungue, na sababu yangu nitakupa kwa kukusimulia jambo lililotokea nyumbani kwetu Tanga nilipokuwa na miaka 12. Lisome polepole. Usiruke mstari, maana nitakuuliza.

Ulikuwa mwezi wa hitima ya arobaini ya babu. Ndugu walikuja kutoka Pangani, Muheza na Mombasa, nyumba ikajaa mpaka barazani. Baadhi ya wanaume tukawaombea malazi kwa jirani wa nyumba ya tatu, na kutwa ile mtumwaji nilikuwa mimi: nimebeba mikeka, nimebeba mashuka, nimebeba mito, nimebeba birika la chai, jua la utosini. Siku ya pili wageni wakaondoka, vitu vikarudishwa, tukaendelea na maisha.

Wiki mbili kabla ya hapo shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa amepokea pesa ya mchezo wa upatu. Alikuwa akiuza vitumbua, na pesa ile alishaipangia kazi: bati za kuezekea chumba cha uani. Akaamua kuificha kwa kuishonea mahali anapopajua yeye. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo usiku ule alimwita msichana aliyekuwa akitusaidia kazi, mtoto wa Lushoto, umri wake kama miaka 17, amtungie uzi kwenye sindano. Msichana akatunga, akamkabidhi, akatoka. Mwisho wa mwezi shangazi akafumua mshono, akatia mkono, akapekua. Sufi tupu.

Nyumba iliwaka moto. Nani mwingine alijua kuna kitu kimeshonwa? Nani mwingine huingia chumbani kufagia? Msichana alilia, akaapa kwa jina la Mungu, akaomba chumba chake kipekuliwe. Hawakutosheka. Akaitwa mpiga ramli, akachora bao lake kwenye mchanga, akatikisa kichwa, akasema aliyechukua yumo humu ndani, ila hakunyonya ziwa la nyumba hii. Hakutaja jina na wala hakuhitaji. Asubuhi yake yule msichana alipandishwa basi la kupitia Mombo, mfuko wake umemwagwa mlangoni na kukaguliwa mbele ya majirani, kandambili moja imekatika.

Mimi nilikuwa nimesimama barazani. Na chini ya godoro langu, wiki ileile, kulikuwa na kitabu ambacho mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa ameniazima: Mzimu wa Watu wa Kale.

Kaa na swali la pesa ile kwanza, tutalirudia. Nataka nikutambulishe kwa mtu aliyeandika kitabu hicho.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Kabla hajawa mtu wa magazeti alifanya kazi kama miaka 10 katika idara ya afya, akiwa mkaguzi. Huwa naifikiria sana kazi ile. Bwana afya anaingia uani kwa watu. Anachungulia mitungi, anaangalia choo, anauliza nani anaumwa na tangu lini. Anaiona nyumba ilivyo, haijafagiwa kwa ajili ya mgeni. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na 1958 akaanza kuhariri jarida la Mkulima huku Bara. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika shindano la uandishi la 1957/58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, ikatoka kitabu mwaka 1960. Jina la mpelelezi wake alilifinyanga kutokana na herufi za majina yake mwenyewe: M, S, A. Bwana Msa. Akampa kiko, akampa na rafiki wa kufuatana naye, Najum.

Wapo wanaosema basi huyo ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Kwamba Abdulla alimsoma Holmes ni kweli, na ufundi ule wa mpelelezi na mwenzake ameuchukua huko. Lakini tazama anamtuma wapi. Tajiri amekutwa amekufa penye mzimu, mahali ambapo watu wanapaheshimu na kupaogopa tangu enzi. Jibu limeshajaa midomoni kabla swali halijaulizwa: watu wa kale wamekasirika. Kesi imekwisha hapo, maana ni nani atamshitaki mzimu? Ndipo Bwana Msa anapoingia na kulikataa jibu hilo. Yeye anamtafuta mtu. Mtu mwenye miguu, mwenye sababu, aliyekuwa mahali fulani saa fulani. Kitabu chake kingine, cha mwaka 1968, kinaitwa Kisima cha Giningi, na kwa aliyekulia visiwani Giningi ni jina la kutishia watoto, huko ndiko inakosemwa wachawi hukutana. Mwandishi yule alikuwa anajua anachokifanya. Anaichukua hofu yetu kubwa kabisa, anaiweka juu ya jalada, kisha ndani ya kurasa anakufundisha kuifungua kama fundo, uzi kwa uzi. Hilo halikuletwa na meli kutoka London.

Jambo la ajabu, na mimi nililijua ukubwani, ni kwamba huko London kwenyewe walikuwa wamefika mahali palepale. Mwaka 1929 padre mmoja Mkatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, naye mtunzi wa riwaya hizi, aliandika amri 10 za utunzi wa hadithi ya upelelezi. Moja inakataza kabisa mizimu na nguvu zisizo za kibinadamu. Padre, mdogo wangu! Mtu anayeamini miujiza kwa moyo wake wote anasema humu ndani haina nafasi, kwa sababu msomaji atakuwa ametapeliwa. Amri nyingine inasema dalili yoyote anayoiona mpelelezi, msomaji naye aonyeshwe saa ileile. Mwaka uliofuata waandishi wa aina hiyo wakaunda chama chao London, Agatha Christie akiwemo, na mwanachama mpya akawa anakula kiapo kwamba wapelelezi wake watatatua kesi kwa akili zao, bila ufunuo na bila miujiza.

Hapo ndipo nimjuapo mwandishi wa kusomwa. Bastola haihesabiki, wala idadi ya maiti. Namtazama kama ananiheshimu. Mwandishi mzuri anakuwekea kila kitu mezani: kikombe, mlango, saa ya ukutani, neno moja lililomponyoka mtu katikati ya mazungumzo. Anakuwekea waziwazi, kisha anakushinda. Ukifika mwisho unarudi nyuma kurasa 100 na kulikuta lile neno limekaa palepale, ulilisoma kwa macho yako mwenyewe ukalipita. Mwandishi mvivu anakufikisha ukurasa wa mwisho ndipo anamtoa pacha wa marehemu ambaye hajatajwa hata mara moja. Ukikutana na pacha wa namna hiyo, kirudishe kitabu ulikokitoa.

Sasa nakuuliza. Shangazi alitia mkono akakuta sufi. Kwetu pwani sufi hutiwa ndani ya nini? Na vitu vya namna hiyo vilikwenda wapi siku ya hitima, kichwani mwa nani?

Miezi minne ilipita. Yule jirani wa nyumba ya tatu akaamua kufua mito yake. Akafumua aanike sufi juani, akakuta noti zimekunjwa ndani ya kipande cha kanga, akaja mbio mpaka kwetu akiwa bado ana nyuzi za sufi kwenye nywele. Foronya za nyumba zile mbili zilikuwa za kitambaa kimoja, na mito ilichanganyika wakati wa kurudisha. Shangazi alikuwa amefumua mto usio wake. Macho yaliyoshindwa kutunga uzi ndiyo yaleyale yaliyoshindwa kutambua kwamba mshono ule hakuushona yeye.

Nilikupa vyote: mito, jirani, macho, sufi. Kama ulijua kabla sijasema, una jicho la Bwana Msa. Kama hukujua, rudi juu usome tena, utaviona.

Shangazi alimtumia yule msichana doti ya kanga na nauli ya kurudi, kwa mkono wa kondakta. Kanga zilifika. Mwenyewe hakurudi. Tulisikia kwamba jina la mwizi lilikuwa limefika kijijini kwao kabla yake, na posa iliyokuwa njiani ikavunjika. Mimi ndiye niliyeibeba ile mito. Jibu lilipita juu ya kichwa changu, kwenda na kurudi. Na usiku nilikuwa ninasoma jinsi mtu mzima mwenye kiko anavyokataa kumtaja mhalifu mpaka ajue kitu gani kilitoka wapi kikaenda wapi. Nilikipenda kitabu kile, lakini sikuwa nimefahamu bado kwamba kinanihusu. Ningeuliza swali moja tu: shangazi, mto huu ndio wako? Sikuuliza, kwa sababu wakubwa walikuwa wameshauliza la kwao: mbaya wetu ni nani? Swali hilo halichukui muda kujibiwa, na jibu lake mara zote humwangukia asiye na wa kumtetea.

Ndiyo maana nakuomba usiuone mchezo wa nani kaua kama mchezo mtupu. Katika nchi yetu hii, huko Shinyanga, Mwanza na Geita, wameuawa mabibi ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu. Macho yale yaliwiva kwa moshi, miaka 50 ya kupikia kuni na mavi ya ng'ombe. Mtoto wa jirani kafa kwa homa, mpiga ramli kaulizwa, kajibu kwa mafumbo, na usiku mapanga yakamjia bibi wa watu. Kilifi, kwa ndugu zetu wa Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma zilezile, mvi zikigeuzwa ushahidi. Mwaka 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku shughuli za ramli kwa sababu ya mauaji ya wenzetu wenye ualbino, na jina lenyewe tunalo, ramli chonganishi. Marufuku ni jambo jema. Lakini katazo la serikali halimfikii mtu aliyesimama barazani saa ile msichana wa watu anamwagiwa mfuko wake mlangoni. Pale anatakiwa mtu mmoja mwenye mazoea ya kusema: ngojeni kwanza, nani alikuwa wapi? Kitu hiki kilipita mikono ya nani? Mwanao, mdogo wangu, alikuwa anafanya mazoezi hayo chini ya shuka.

Umeuliza pia kuhusu gazeti. Gazeti linakupa maiti, linakupa picha, kesho lina maiti nyingine. Mara ngapi umesoma kwamba fulani kakamatwa, ukasubiri mwisho wa kesi, usiuone tena? Riwaya haimwachi marehemu. Inakaa naye mpaka ijulikane alikuwa nani, nani alimpenda, nani alimdai, nani alimwogopa. Kwa kurasa 200 mtu mmoja aliyekufa anapewa uzito ambao maiti watatu wa ukurasa wa mbele hawaupati. Sioni mtoto atapataje roho mbaya hapo.

Sasa, si kila riwaya nitakuambia umpe leo. Hapa lazima tuzungumze kidada.

Baada ya Bwana Msa mpelelezi alihamia mjini. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, Dar es Salaam, na Inspekta Wingo wake. Hebu fikiria wakati ule, nyumba ngapi zilikuwa na simu? Chombo cha maofisini na cha wakubwa, mwandishi anakigeuza kitu cha kuogofya, kama Abdulla alivyoichukua mizimu, ila safari hii hofu yenyewe ni mpya, ya mji mpya. Ni kitabu chembamba, kinasomeka kwa siku moja, na Kiswahili chake hakina makuu. Hicho mpe bila wasiwasi.

Kisha akaja Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba. Kufa na Kupona, 1974. Kikosi cha Kisasi, 1979. Njama, 1981. Walimu wa fasihi waliviita vitabu hivi riwaya pendwa, na katika sauti za baadhi yao ungeisikia dharau, kana kwamba kinachopendwa na wengi hakina kichwa. Mimi naomba wamkumbuke Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake hapohapo Dar tangu 1963, wapigania uhuru wa nusu ya kusini mwa Afrika wanakaa mitaa ya kwetu, na maadui zao wanawafuata hukohuko. Musiba alipoandika habari za nyaraka za ukombozi zilizoibwa na mpelelezi anayetumwa Nairobi kuzifuata, msomaji wa Dar hakuhitaji kuelezwa kwamba mambo hayo huwa yapo. Alikuwa ameyasikia dirisha likitikisika. Kijana wa leo anayesoma historia ya ukombozi kwa kukariri tarehe za mtihani, mpe Kufa na Kupona, ataelewa kwa nini watu walilala jicho moja wazi.

Lakini wanawake wa Willy Gamba, wadogo zangu, wananiudhi. Wote wazuri, na wengi wao ama ni chambo ama ni zawadi. Anamaliza kazi, anatunukiwa mrembo. Nilipokuwa na miaka 16 sikuliona hilo. Nilitaka tu kuvaa kama wao. Nilipokuwa na miaka 30 nilivisoma tena vitabu vile na nikaanza kuhesabu ni wangapi kati yao walioulizwa wanafikiri nini. Simkatazi binti yako Musiba. Nasema asubiri afike kidato cha nne, na akisha kusoma mkae wawili mzungumze. Muulize: huyu dada, akitolewa kwenye hadithi, kinapungua nini? Ataona mwenyewe.

Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma aliyezaliwa 1958 na kututoka 2008, yeye nampenda kwa jinsi anavyoanza. Mpelelezi wake, Joram Kiango, haanzi taratibu. Na majina ya vitabu vyake pekee yanatosha kumsimamisha mpita njia: Lazima Ufe Joram, Salamu Toka Kuzimu, Tutarudi na Roho Zetu? Hicho cha mwisho kina alama ya kuuliza kwenye jalada, na ni swali ambalo unaliuliza nawe mpaka kurasa za mwisho. Mtobwa alianzisha na kampuni ya kuchapisha, Heko, kwa sababu alijua msomaji wa Kiswahili yupo, ana kiu, na hana pesa nyingi. Kwake yeye mji wa usiku, mabaa, vyumba vya kupanga na teksi mbovu si mapambo. Ndimo mnamotokea uhalifu, na ndimo watu wake wanamoishi. Riwaya yake ya Dar es Salaam Usiku ni ya mtu mzima. Iache kabatini.

Wa sasa je? Wapo. Hussein Tuwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanamjua kwa Mfadhili, lakini wengi hawajui kwamba mikono ileile imeandika Mkimbizi na Utata wa 9/12. Niliposoma Mkimbizi nilifurahi kwa sababu anayekimbizwa ni mwanamke, na anakimbia kwa akili zake.

Kuna kijana wa Mwanza naye ameniandikia, anataka kuwa mtunzi wa upelelezi na anauliza aanzie wapi. Mdogo wangu, anzia kwenye unachokijua kwa mikono yako. Nimekwisha kukueleza habari za Abdulla na idara ya afya. Arthur Conan Doyle, aliyemuumba Holmes, alikuwa daktari, na mfano wa Holmes aliupata kwa mwalimu wake wa udaktari huko Edinburgh, Joseph Bell, ambaye aliweza kumtazama mgonjwa akijua kazi yake na alikotoka kabla hajafungua mdomo. Agatha Christie wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali, mjini kwao Torquay. Akazijua sumu kwa ratili na kwa tone. Kitabu chake cha kwanza kilipotoka mwaka 1920, jarida la wafamasia wa Uingereza likamsifu kwa kuzielewa. Wewe umeniambia unauza vipuri vya pikipiki. Basi unajua breki inavyokatwa na inavyochakaa, na unajua tofauti ya hizo mbili ambayo polisi wa barabarani hawezi kuiona usiku. Hicho ni kitabu kizima. Usiniletee Interpol na makasino ya Monaco. Niletee gereji ya Mwanza na fundi anayejua breki hii haikuchakaa yenyewe. Na amua mapema ni nani aliyeua, kabla hujaandika mstari wa kwanza, la sivyo utajikuta umemzaa pacha.

Na dada wa Zanzibar aliyekiri kwamba husoma ukurasa wa mwisho kwanza kwa sababu hawezi kuvumilia wasiwasi: mpenzi, acha. Wasiwasi ule ndio mahari unayolipa. Ukimjua mwuaji tangu mwanzo, kila mtu mwingine kwenye kitabu anageuka kivuli, hutamsikiliza tena. Ukishindwa kabisa, funga kitabu, kapike, urudi.

Sasa mama wa Morogoro. Kitabu hukuniandikia jina lake, hivyo siwezi kukuamulia hicho hasa. Kisome wewe kwanza, usiku mmoja unatosha. Kama ni cha kumsubirisha, mwambie ukweli, kwamba ni cha kumsubirisha, umpe kingine badala yake, asibaki mikono mitupu. Bwana Msa bado anapatikana. Ukija Dar, pita kwa wauza vitabu wanaopanga mali yao chini, uinamie, upekue, usione haya. Kwao nilipata kitabu chake kingine, Duniani Kuna Watu, kurasa zimekuwa rangi ya chai, na mmiliki wake wa zamani amemzungushia penseli kila aliyemshuku. Alikosea mara tatu.

Hiyo penseli ndiyo nataka umpe. Mwambie akifika robo tatu ya kitabu afunge, aandike nyuma ya jalada jina la anayemdhania na sababu mbili, sababu zilizomo kitabuni, zenye ukurasa. "Namwona tu mbaya" haikubaliki. Nawe uandike lako kwenye karatasi, uikunje. Kisha malizeni.

Niandikie tena, uniambie yeye aliandika nani na wewe uliandika nani, na ni ukurasa gani uliowaponyoka wote wawili. Jina la mwuaji mwenyewe usinitajie, wengine hapa bado hatujafika.